MREJESHO: hita ya gari imepona, kumbe themostati haikuwepo

Wakuu, wiki iliyopita niliwauliza mbona hita ya gari yangu naiweka oto nyuzi 25 halafu inapuliza baridi tu, na baridi ya huku Ngaramtoni, Arusha, mwezi huu wa saba mnaijua, watoto wanaenda shule wamejifunika blanketi kwenye siti. Aliyeniambia niangalie mshale wa temprecha, ubarikiwe sana, ulikuwa haufiki katikati hata nikiendesha mpaka mjini.

Fundi akashika zile hozi mbili za hita, zote vuguvugu, akafungua kifuniko cha themostati (ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), ndani hamna kitu! Mtu aliitoa zamani, ile imani kwamba nchi ya joto haihitajiki, kumbe bila hiyo maji yanapita kwenye rejeta muda wote, injini haipati moto vizuri, hita itatoa wapi joto, na mafuta yanalika bure. Iliniuma kwa kweli. Tumefunga mpya ya nyuzi 82, tukajaza kulanti (maji ya kupozea injini), tukaacha injini inaunguruma hita ikiwa fulu mpaka mapovu yakaisha kabisa.

Leo asubuhi nafika Sakina joto linatoka, ukungu kwenye kioo hakuna, mdogo kavua sweta mwenyewe. Asanteni sana wakuu.