Je, kufanya mazoezi alfajiri kabla ya kunywa chai kunapunguza uzito zaidi?

Mkazi wa Kimara

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na kwa walionizidi umri nasema shikamooni. Naomba ushauri katika jambo ambalo kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nina urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 84. Daktari aliyenipima hivi karibuni alinieleza kwamba presha yangu haijafikia kiwango cha kuanzishiwa dawa lakini imeanza kupanda, na kwamba nikipunguza uzito, hata kilo chache tu, huenda ikatulia.

Nafanya kazi dukani Kariakoo. Natoka nyumbani saa moja asubuhi kuwahi mwendokasi na narudi saa mbili usiku nikiwa nimechoka kabisa, kwa hiyo muda pekee ninaoweza kuutumia ni alfajiri, baada ya swala na kabla ya kuwaandaa watoto. Jirani yangu anasisitiza kwamba nisiweke chochote mdomoni kabla ya mazoezi, kwa kuwa mwili usio na chakula hulazimika kuchoma kitambi moja kwa moja, na kwamba nikinywa chai kwanza nitakuwa nimefanya kazi bure. Dada yangu mkubwa aliyeko Tanga ananikataza kabisa. Anasema nitapata vidonda vya tumbo, tena nitaanguka barabarani kwa kizunguzungu. Mwingine kazini ananishauri nivae sweta zito ili nitoke jasho jingi.

Naomba mwenye ujuzi anieleze ukweli ni upi, na kama nitaanza, nile nini nikirudi.

Mshauri wa Lishe, Upanga

Dada yangu, hongera kwa kuchukua hatua mapema. Jirani yako ana sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo ndiyo inayowapotosha wengi.

Mtu anapolala usiku kucha bila kula, kiwango cha insulini katika damu hushuka, na akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye ini, ambayo kwa mtu mzima aliyeshiba ni takriban gramu 100, hupungua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ubongo na viungo vingine vimeendelea kuitumia. Insulini ndiyo homoni inayozuia mafuta yasitoke kwenye hifadhi yake, hivyo inapokuwa chini mafuta hutoka kwa urahisi, na misuli huyatumia kwa wingi kuliko inavyofanya baada ya chai na maandazi. Hilo limepimwa mara nyingi na halina ubishi. Hata hivyo, mafuta yaliyotumika ndani ya saa moja ya mazoezi si kipimo cha mafuta yatakayopungua mwilini kwa mwezi. Aliyekula kabla atatumia wanga zaidi alfajiri na mafuta zaidi mchana. Asiyekula atatumia mafuta zaidi alfajiri, kisha chakula atakachokula baadaye kitarudisha sehemu ya hayo aliyoyatumia. Kinachoamua ni jumla ya kilicholiwa na jumla ya kilichotumika.

Mwaka 2014, Brad Schoenfeld na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowahusisha wanawake vijana 20, wote wakiwa wamepunguziwa chakula kwa kiwango kilichopangwa. Kwa wiki 4 walifanya mazoezi ya saa moja, mara tatu kwa wiki, nusu yao wakiwa hawajala na nusu wakiwa wamekula. Makundi yote mawili yalipungua uzito na mafuta, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Utafiti ule ulikuwa mdogo na wa muda mfupi, lakini unaelekea kule kule unakoelekea mwingine wa mwaka 2019 uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, pamoja na wenzao, kwa wanaume 30 waliokuwa na uzito uliozidi. Katika wiki 6 za kuendesha baiskeli, waliofanya hivyo kabla ya kifungua kinywa walichoma mafuta takriban mara mbili ya wale waliokula kwanza, ila uzito wao haukupungua zaidi. Walichopata zaidi ni kwamba miili yao ilianza kuitikia insulini vizuri, jambo lenye manufaa kwa afya hata pale mizani isipolionyesha.

Kwa hiyo, kama alfajiri ndiyo nafasi uliyo nayo na tumbo lako linavumilia, fanya mazoezi bila kula, na uyaamini kwa sababu utaweza kuyaendeleza. Kama unasikia udhaifu, kula ndizi moja au nusu kikombe cha uji kwanza, na usidhani umeharibu kazi. Maji usiyakose kabisa, kwa maana unaamka ukiwa umepoteza maji usiku kucha, hasa katika joto letu la Februari na Machi. Kunywa bilauri moja kabla ya kutoka.

Kuhusu sweta, nakuomba usilifuate. Jasho ni maji na chumvi, si mafuta. Ukilivaa utapima uzito umepungua, utakunywa maji, na uzito utarudi siku hiyo hiyo. Na ukizidisha katika hali ya hewa ya Dar es Salaam unaweza kuzidiwa na joto.

Mzee wa Mazoezi, Temeke

Mwanangu, marahaba. Nakuongezea lile ninaloliona kila wiki katika kikundi chetu cha jogingi. Tunatoka Jumapili alfajiri karibu na Uwanja wa Mkapa, watu wanakimbia vizuri, wanaimba, wanarudi wamelowa jasho. Kisha wengi wao wanakwenda moja kwa moja kwenye supu. Bakuli la supu ya makongoro, chapati mbili na soda, na wanaamini kwamba wamestahili kwa kuwa walikimbia na njaa. Hebu tufanye hesabu. Mtu wa uzito wako akitembea kwa haraka saa nzima hutumia takriban kalori 300 hadi 350. Chapati moja iliyokaangwa kwa mafuta yaliyokolea yaweza kufika kalori 250 au kupita, na soda ya mililita 350 ina karibu kalori 150. Kabla hujahesabu supu yenyewe, umekwisha kurudisha ulichokitoa na kuzidisha.

Siwalaumu, kwa sababu njaa inayokuja baada ya mazoezi ya alfajiri ni ya kweli na ina nguvu. Ndiyo maana nasema swali la kula nini baada ya mazoezi ni zito kuliko lile la kula au kutokula kabla. Wewe una bahati kwamba unakula nyumbani, kwa hiyo andaa usiku: yai la kuchemsha au maharage yaliyobaki, kipande cha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, papai, na chai ya rangi ambayo umeanza kuipunguzia sukari kidogo kidogo. Mtu akitoka nyumbani bila kula, saa nne atanunua vitumbua pale pale dukani, na hatahesabu amekula vingapi.

Pia usitarajie makubwa kwa haraka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700. Ukitembea siku tano kwa wiki na kutumia kalori 300 kila siku, umetumia 1,500, ambayo ni kama sehemu ya tano ya kilo. Ndiyo maana mazoezi peke yake huwakatisha tamaa watu wengi, hali yakishirikiana na sahani iliyopunguzwa wali au ugali na kuongezwa mchicha yanaonekana.

Binti wa Mbagala

Naomba niongeze tahadhari, kwa kuwa mada hii husomwa na watu wengi wenye hali tofauti na ya dada aliyeuliza. Mama yangu ana kisukari na alikuwa akitumia glibenklamaidi. Aliposikia habari hizi za mazoezi kabla ya chai, alimeza dawa yake alfajiri na kutoka kutembea bila kula. Alirudi akisaidiwa na vijana wa bodaboda, akitetemeka, akitoka jasho baridi na kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulipompima, sukari ilikuwa imeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Tulimpa vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, tukasubiri dakika 15, tukampima tena, kisha tukampa chakula.

Anayetumia insulini, glibenklamaidi au dawa nyingine za jamii hiyo asiige mazoezi ya tumbo tupu kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani dawa hizo zinaendelea kuishusha sukari hata kama mtu hajala. Huenda akapunguziwa dozi, akabadilishiwa saa za dawa au akatakiwa kula kidogo na kujipima kwanza. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ni ndogo zaidi, lakini naye aulize. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo pia wapate ushauri wa kliniki. Mama sasa anatembea jioni baada ya kula na anaendelea vizuri.

Mkazi wa Kimara

Nawashukuru sana nyote. Mama yetu wa Mbagala, Mungu amzidishie afya. Sina kisukari, nilipimwa siku hiyo hiyo ya presha. Yamebaki mambo mawili. Dada yangu bado hajatulia kuhusu vidonda vya tumbo, na ningependa kumpa jibu la heshima badala ya kubishana naye. La pili ni kwamba mwezi wa Ramadhani nafunga, na kila mwaka nafikiri nitapungua, lakini sipungui. Naomba kujua pia mazoezi nitayaweka wapi katika mwezi huo.

Mshauri wa Lishe, Upanga

Mweleze dada yako kwamba hofu yake inatokana na upendo na pia na jambo alilowahi kuliona, kwa sababu mtu ambaye tayari ana kidonda huweza kusikia maumivu makali anapokuwa na njaa. Lakini kusikia maumivu wakati wa njaa si sawa na kidonda kuletwa na njaa. Visababishi vikuu ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo na kuonyesha nafasi yake katika ugonjwa huu. Kama una kiungulia au maumivu ya chembe ya moyo yanayojirudia, nenda ukapimwe na utibiwe. Tena nakusihi, ukianza mazoezi na magoti yakauma, usijizoeze kumeza diklofenaki kila asubuhi, maana hapo ndipo kidonda cha tumbo kinapoweza kuanza kweli.

Kuhusu Ramadhani, mwezi ule unathibitisha yale niliyoyasema mwanzo. Mtu anakaa bila kula tangu alfajiri hadi magharibi, mwili unatumia mafuta mchana kutwa, halafu inakuja futari: tambi, mihogo ya nazi, kaimati, sambusa, uji wenye sukari, kisha chakula cha usiku na daku. Saa za njaa ni nyingi, lakini jumla ya chakula haikupungua, na pengine imezidi. Kwa mwezi huo usitembee alfajiri baada ya daku, kwa sababu utakaa na kiu siku nzima. Tembea taratibu katika nusu saa ya mwisho kabla ya futari, siku za mapumziko ukiwa nyumbani, au usiku baada ya tarawehe.

Neno jingine ni usingizi. Ukiamka saa kumi na moja, jitahidi uwe umelala saa nne usiku. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na anayelala pungufu kila siku huongezeka hamu ya kula, hasa vitu vitamu, hata akawa anapokonywa na usiku kile alichokipata alfajiri.

Mwalimu wa Mazoezi, Sinza

Mimi nitagusa utekelezaji tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Watu wengi huliacha hili la pili, na kwa anayepungua uzito ni hasara, kwa sababu mwili unaopunguziwa chakula hupoteza misuli pamoja na mafuta. Siku mbili kwa wiki, badala ya kutoka, baki nyumbani ufanye kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta kwa mikono, kupanda na kushuka ngazi, na kunyanyua dumu la lita tano lenye maji. Hakuna haja ya kulipia jimu.

Kwa siku za kutembea, anza na dakika 20 na uongeze taratibu kila wiki. Mwendo wa kutosha ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Saa kumi na moja na nusu bado ni giza, kwa hiyo tafuta mwenzako mmoja au wawili wa mtaani, vaeni nguo nyeupe, na mpite njia za ndani zenye taa badala ya kandokando ya Barabara ya Morogoro. Mvua za masika zikikuzuia, unapokwenda kazini asubuhi shuka kituo cha Fire na umalizie kwa miguu hadi Kariakoo. Dakika hizo nazo zinahesabiwa. Jumapili, ukipata nafasi, Daraja la Tanzanite lina njia ya waenda kwa miguu na upepo wa bahari, na ukifika mapema jua halijawa kali.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula, na ujipime kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Presha irudie kupimwa baada ya miezi mitatu kwa daktari yule yule, umpelekee na kumbukumbu ulizoandika.