Naomba ushauri: risasi zinahamia chini kulia

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wazoefu wa shabaha.

Napiga bunduki ya .22 nikiwa nimelala kifudifudi, mita 50, bila darubini. Nalenga kwa tundu la nyuma na pete ya mbele. Duara la kumi, lile la katikati lenye alama nyingi zaidi, lina upana wa milimita 10.4 tu, kwa hiyo ukitetereka kidogo karatasi inakuumbua.

Risasi za mwanzo zinakaa katikati, matundu yanagusana. Baadaye kundi zima linahamia chini kulia. Bunduki haina tatizo: ikilazwa kwenye mfuko wa mchanga inapiga katikati, na mwalimu akiishika ni vilevile. Nimebadili aina ya risasi, nimekaza mkanda wa bunduki unaoshika mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Nyumbani navuta triga na ganda tupu ndani, na pete haitikisiki hata kidogo! Uwanjani mambo yaleyale. Mwalimu anasema "utazoea tu", jibu ambalo halinisaidii.

Je, kundi likihama lote hivi, kosa ni la kidole au kiwiko kimeteleza na mwili umegeuka? Nitatofautishaje? Na kati ya risasi, mnapumzikaje bila kuvuruga mkao?