Kamati ya Makumbusho ya Mtaa, Pangani

Mama Salma: Wanakamati, ile familia imekubali kutupatia vitu vyake vya zamani. Kanga 14 na kasha moja vinakuja Jumamosi. Kabati lina nafasi, niziingize moja kwa moja?

Bi Zuhura: Hapana mwanangu. Friza kwanza. Mayai ya wadudu yakipita humo, kabati zima limekwisha.

Jumaa: Shikamoo Bi Zuhura. Friza hii hii ya pweza? 😂

Bi Zuhura: Marahaba. Hiyo hiyo, pweza ahame. Iwashwe Ijumaa ifike nyuzi -18 kabla kanga haijaingia, maana baridi ikija polepole wadudu huizoea. Kanga mbilimbili kwenye mfuko mzito wa plastiki, toa hewa kwa kiganja, ziba kwa selotepu pana. Wiki mbili kamili, na msiijaze.

Mama Salma: Na umeme wa LUKU ukiisha usiku?

Fundi Seif: Saa mbili tatu bila kufungua mfuniko si neno. Gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka shilingi 100. Ukiikuta imezama, barafu iliyeyuka nyie mmelala. Hesabu inaanza upya.

Bi Zuhura: Zikitoka, mfuko usifunguliwe saa 24. Jasho litoke nje ya plastiki, si kwenye kitambaa.

Jumaa: Halafu tunaziacha humo humo?

Bi Zuhura: La! Kwa upepo huu wa bahari zitaota ukungu. Zungushieni kwenye lile bomba la boksi gumu la maduka ya vitambaa, livikwe bafta iliyofuliwa hadi wanga wote utoke. Kanga kuukuu ukiikunja, hukatikia kwenye mkunjo.

Mama Salma: Namba nibane kwa pini?

Bi Zuhura: Pini itashika kutu wiki hiyo hiyo. Kata utepe wa pamba wa sentimita 5, andika mwaka, zawadi ya ngapi, kitu cha ngapi, mfano 2025.4.2. Ushone kwa mishono miwili mirefu penye pindo. Wino ujaribiwe kwanza kwa maji. Na daftarini jina la kanga, yale maneno yake, liandikwe lilivyo, na makosa yake ya herufi. Jumaa, usisahihishe!

Jumaa: 🙈

Fundi Seif: Kasha halitoshi kwenye friza. Likae barazani kwa nyuma, chini yake karatasi nyeusi, siku 10. Unga mpya wa mbao ukidondoka, huenda wadudu wa mbao wamo hai. Matundu peke yake si ushahidi, yanaweza kuwa ya zamani. Na asithubutu mtu kusugua ile misumari ya shaba ya njano, yenye zinki ndani yake, kwa ndimu na majivu. Ndimu inakula zinki, shaba inabaki na wekundu wa ajabu, hairudi tena.

Mama Salma: Wanauliza pia mlango wao wa kuchonga, kuna mnunuzi anataka kuusafirisha nje.

Fundi Seif: Kama ulichongwa kabla ya 1940, unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Bila kibali hautoki. Waulize Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kupokea hata shilingi.

Mama Salma: Nawaambia. Sasa huyu pweza kilo sita nani anampokea?