Miaka 150 ya Coleridge-Taylor: mmetuimbisha bure kwenye sherehe ya mtu aliyekufa akidhulumiwa jasho lake

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili nimelinyamazia tangu Oktoba 2025 nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Jana nimeona waandaaji walewale waliotuimbisha bure kwenye maadhimisho hayo wametoa tangazo jipya la kutafuta waimbaji, masharti yaleyale, na leo nalisema lote.

Mwaka 2025 mtunzi wa muziki Samuel Coleridge-Taylor alitimiza miaka 150 tangu azaliwe. Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Holborn, London, tarehe 15 Agosti 1875. Mama yake alikuwa Mwingereza, baba yake daktari kutoka Sierra Leone aliyekuwa ameshaondoka kurudi Afrika Magharibi. Amekulia Croydon, kusini mwa London, huku huku ninakoishi mimi. Masomo ya kwanza ya fidla alipewa na babu yake mzaa mama, fundi wa kwato za farasi. Akiwa na miaka 15 akaingia Chuo cha Kifalme cha Muziki, London. Mtoto mweusi, Uingereza ya mwaka 1890, kutoka familia isiyo na kitu. Mimi huwa nikifika hapo natua kidogo.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe, maana ndicho kinachonichoma.

Tarehe 11 Novemba 1898 chuoni hapo ilipigwa kwa mara ya kwanza kazi yake ya kwaya na okestra, Hiawatha's Wedding Feast, yaani Karamu ya Harusi ya Hiawatha. Alikuwa na miaka 23. Kazi ikavuma, kila kwaya Uingereza ikaitaka, nakala zikauzwa maelfu kwa maelfu. Yeye alikuwa ameiuza moja kwa moja kwa wachapishaji wa Novello kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Hakuwa na mrabaha. Nakala ya kwanza na nakala ya laki moja kwake zilikuwa sawa: hazikumwingizia hata senti. Ikabidi afundishe, aongoze kwaya huku na kule, asimamie mashindano ya muziki, atunge usiku. Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka kwenye stesheni ya West Croydon, na tarehe 1 Septemba akafariki kwa nimonia. Miaka 37. Mjane na watoto wawili wakabaki kwenye hali ambayo ilibidi Mfalme George V atoe pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Mwaka 1914 kilipoanzishwa Uingereza chama cha kukusanya malipo ya watunzi kazi zao zinapopigwa hadharani, masaibu yake yalikuwa bado mbichi masikioni mwa watu, na hadi leo yanatajwa kila habari ya chama hicho inaposimuliwa.

Huyo ndiye mtu tuliyeitwa kumsherehekea.

Mimi naimba sauti ya tatu. Nimeanzia kwaya ya kanisa Moshi, nikasomea sauti, na sasa nafanya kazi ya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mwezi wa saba nikapokea ujumbe: kuna maadhimisho makubwa, siku moja ya kongamano la wasomi na jioni yake konseti, wanatafuta waimbaji wanane "waliofunzwa, wenye asili ya Afrika" waimarishe kwaya, na vilevile waimbe peke yao asubuhi kati ya mada na mada. Nilifurahi, sifichi. Nilimpigia mama simu Moshi nikamwambia.

Mazoezi yalikuwa sita, yote katikati ya jiji. Nauli yangu. Nakala ya noti nilinunua mwenyewe. Zamu mbili nilibadilishana na mwenzangu, moja nikaikosa kabisa na mshahara ukakatwa. Kwenye zoezi la nne dada mmoja wa sauti ya pili, Mganda, akauliza kwa adabu kabisa malipo yatakuwaje. Akajibiwa kwamba bajeti imeelekezwa kwa okestra, kwa waimbaji wakuu na kwa watoa mada, na kwetu sisi hii ni "nafasi ya kujulikana". Hata nauli? Hata nauli.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na kwaya za kujitolea. Kwaya za namna hiyo ndizo zilizomfanya Coleridge-Taylor ajulikane nchi nzima, watu wa viwandani na madukani walioimba baada ya kazi. Mimi mwenyewe kila Jumapili naimba kanisani na sijawahi kudai chochote. Lakini hapa tulitafutwa kama wataalamu, kwa vigezo vya wataalamu, tukasailiwa na kusomeshwa noti papo kwa papo. Halafu tukageuzwa wa kujitolea siku ya kulipa!

Na kuna jambo ambalo anayeijua kazi hii analiona mara moja. Wedding Feast yote ina mwimbaji wa peke yake mmoja tu, wa sauti ya tatu, na ana wimbo mmoja. Hadithi iliyobaki yote, karamu, ngoma, babu msimuliaji, inabebwa na kwaya kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Karibu nusu saa, ukiondoa wimbo huo mmoja, kwaya haipumziki. Yule kaka wa wimbo mmoja alilipwa, na alistahili, aliimba vizuri sana hadi nikasisimka. Ila huwezi kuniambia kwamba katika kazi ya namna hii kwaya ni pambo.

Njooni sasa kwenye kongamano. Profesa mmoja alisimama asubuhi, akazungumza karibu dakika arobaini juu ya gini 15. Alizungumza vizuri mno. Alieleza jinsi mtunzi kijana asiye na fedha anavyolazimika kukubali chochote anachopewa, jinsi jina lake lilivyotajirisha wengine. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Sisi wanane tulikuwa tumesimama nyuma ya ukumbi na suti nyeusi, tunasubiri kuitwa kuimba bure. Mapumziko yalipofika, meza ya chai ilikuwa ya wenye beji. Sisi hatukupewa beji. Mzee mmoja wa Kijamaika, sauti ya nne, ana zaidi ya miaka sitini, alishika kikombe akaambiwa akirudishe.

Pale ndipo nilipotaka kuondoka. Sikuondoka kwa sababu yake yeye, alisema amesubiri maisha yake yote kuimba kazi hii kwenye ukumbi mkubwa.

Picha zetu zilitumika kwenye mabango na matangazo yote. Hatukuombwa ruhusa. Tiketi za jioni zilikuwa pauni 38 na ukumbi ulijaa. Tuliomba kila mmoja apewe tiketi moja ya ndugu, jibu likawa zimekwisha. Mke wangu alilipa kiingilio aje kumwona mumewe akifanya kazi bure.

Programu yenyewe nayo iliniuma. Miaka 150 ya mtu, na ukiondoa Wedding Feast, kilichobaki chote jioni ile kilikuwa cha watunzi wengine wa Kiingereza, eti watu wasije wakachoka. Wachoke na nini? Kwinteti yake ya klaneti na nyuzi, yaani kazi ya wapigaji watano, aliitunga mwaka 1895 akiwa bado mwanafunzi, na ni muziki mzito ambao mpiga klaneti yeyote angejivunia. Kuna simfoni. Kuna konseto ya fidla ya mwaka wa mwisho wa maisha yake. Kuna Nyimbo 24 za piano za mwaka 1905, alizotunga kutokana na nyimbo za Waafrika na za Wamarekani weusi, na baadhi zimetoka upande wetu huu wa kusini mashariki mwa Afrika. Huyu ni mtu aliyehudhuria mkutano wa kwanza wa Umajumui wa Afrika, London, mwaka 1900. Washington watu weusi walianzisha chama cha kwaya kwa jina lake mwaka 1901 kabla hata hajafika huko, wakamwalika, akaenda Marekani mara tatu. Hayo yote yalipewa aya moja kwenye kijitabu cha programu.

Nawaheshimu wasomi, sitaki mtu aseme nawapinga. Opera yake, Thelma, ilidhaniwa imepotea hadi mswada wake ulipogunduliwa Maktaba ya Uingereza, ukahaririwa, na mwaka 2012 ikapigwa hapa hapa Croydon, miaka mia baada ya kifo chake. Bila mtu wa kukaa maktabani miezi na miezi kusoma mwandiko wa kalamu, tusingeisikia. Kazi hiyo ilipwe, na ilipwe vizuri. Ninachouliza ni kwa nini anayesoma noti maktabani analipwa na anayezitoa kwa pumzi yake halipwi.

Nimewaandikia waandaaji barua pepe tatu. Nimedai mambo matatu tu: nauli ya wote wanane, malipo ya asubuhi ya kongamano kwa kiwango kilekile walichopewa watoa mada, na nakala ya rekodi, kwa sababu walirekodi na sisi hata kuisikia hatujaisikia. Barua ya kwanza nilijibiwa kwa shukrani nyingi. Ya pili na ya tatu kimya.

NYONGEZA: Mdau ameniuliza kwa nini nilikubali kuimba wakati nilishajua hakuna malipo. Swali la haki. Nilijua kwenye zoezi la nne, nauli na zamu zikiwa zimeshakwenda, na nilitaka kuimba. Naupenda muziki huu, mkuu. Kila siku nikienda kazini napandia treni West Croydon, pale alipoanguka. Walijua tunaupenda na wakautumia upendo huo.

Tangazo jipya mwisho wa kuomba ni mwisho wa mwezi huu. Sisi wanane tumekubaliana, hata mzee wetu wa sauti ya nne, kwamba hatutaomba, na kila mwimbaji atakayetuuliza tutamwambia yaliyotupata. Kama humu kuna aliyewahi kudai malipo ya kuimba hapa Uingereza bila mkataba wa maandishi, ila ana ujumbe wa simu na ratiba ya mazoezi kama nilivyo navyo mimi, naomba aniambie alianzia wapi.