Antibiotiki bila cheti: tumfungie muuza dawa, au tuanze na aliyeandika "UTI"?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka duka la dawa sasa hivi. Kijana mbele yangu kaagiza "rangi mbili za buku", yaani kapsuli za antibiotiki za shilingi elfu moja, kafungiwa vidonge vichache kwenye kikaratasi, kaondoka. Hakuulizwa anaumwa nini. Mwaka 2019 usugu wa vimelea dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani, kuliko malaria au UKIMWI mwaka huohuo. Mimi msimamo wangu ni mmoja: hakuna cheti, hakuna antibiotiki, na duka linalokiuka lifungwe. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo.

Muuza dawa, mkoani
Napinga. Haya maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu huku vijijini famasia hakuna. Tulipewa mafunzo, na ikaruhusiwa tuuze baadhi ya antibiotiki, amoksilini ikiwemo. Njoo kwetu masika, saa tatu usiku. Mama kabeba mtoto anahema mbiombio, mbavu zinaingia ndani, na kituo cha afya kiko ng'ambo ya mto. Nimwambie alete cheti? Nampa dozi ya kwanza na kumtafutia bodaboda. Ila huyo wa rangi mbili za buku, sina cha kumtetea mwenzangu. Kuuza robo dozi ni kumuibia mteja.

Mleta mada
Mtoto wa mbavu nakubali. Lakini kwa kila mmoja kama huyo, wanakuja wangapi wenye mafua tu?

Mtu wa maabara
Ngoja niwavuruge kidogo. Mnamjadili muuza dawa kana kwamba hicho cheti ni kitakatifu. Mimi nakaa kwenye hadubini, cheti nakijua kinakozaliwa.

Mtu analalamika kichwa na uchovu. Malaria hakuna. Zamani angepewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Kipimo cha haraka kilipoingia, zile dawa zikapungua na antibiotiki zikapanda, maana mgonjwa lazima atoke na kitu mkononi. Basi inaagizwa mkojo na Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Mkojo umeletwa kwenye kikopo, hakuna aliyemweleza aanze kukojoa kwanza ndipo akinge wa katikati. Naona seli za usaha chache na seli za ngozi tele, yaani sampuli imechafuka. Naandika nilichokiona. Kwa daktari inasomeka "UTI", maambukizi ya njia ya mkojo.

Widal ndiyo usiseme. Kipimo cha mwaka 1896! Hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili. Uliwahi kuugua taifodi zamani, au una maambukizi mengine, hata malaria, kinaweza kuwaka. Mtu mmoja anatoka na UTI na taifodi kwa pamoja, anaandikiwa antibiotiki ya sipro, na cheti anacho. Sheria ya mleta mada imetimia hapo, usugu unaendelea kuzaliwa.

Kuna utafiti uliotoka 2014, watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Takriban 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. UTI haikufika asilimia 6, taifodi haikufika 4. Linganisheni na makaratasi mliyonayo kwenye droo zenu.

Tabibu wa zahanati
Kaka wa maabara, umesema kweli lakini umetuacha uchi. Nina foleni ya watu sitini. Nikimwambia mtu "hii ni virusi, nenda kapumzike unywe maji", anatoka nje anasema daktari hajui kitu. Kesho yuko hospitali binafsi anachomwa sindano ya antibiotiki, seftriaksoni. Wagonjwa nao wana sehemu yao.

Mtu wa maabara
Wana sehemu, ndiyo, ila kalamu si yao.

Mleta mada
Nimesoma mara mbili. Sirudi nyuma kwenye nusu dozi, duka linalopima dawa kwa bei ya mfukoni lifungwe tu. Ila nakiri nilikiamini cheti kupita kiasi. Pendekezo langu jipya: amoksilini na wenzake wa mstari wa kwanza zibaki kwa muuzaji aliyefunzwa, dozi kamili na daftari. Sipro, azithromaisini na sindano zitoke kwa cheti kilichotaja kipimo cha maana, na mkaguzi akague vyeti kama anavyokagua rafu.

Muuza dawa, mkoani
Hapo kwenye daftari tuko pamoja. Mkaguzi aje na kwa matabibu pia, tusionewe peke yetu.

Dada wa UTI sugu
Jamani, nawasoma huku natetemeka. Mwaka huu nimetibiwa UTI mara tano, kila mara dawa kali kuliko ya kwanza. Mkojo hauniumi, siendi chooni mara kwa mara, ni mgongo na uchovu. Sina mimba. Nifanye nini?

Mtu wa maabara
Pole dada. Bila dalili za mkojo, na kwa kuwa huna mimba, mwulize daktari kwanza kwa nini unapimwa mkojo, na huo mgongo uangaliwe kama mgongo. Wakisisitiza ni UTI, omba mkojo uoteshwe, hospitali ya rufaa ya mkoa ndipo pa kuanzia kuulizia. Majibu huchukua siku mbili au tatu, yanataja bakteria na dawa inayomuweza. Upeleke kabla hujameza kidonge chochote.

Dada wa UTI sugu
Nimeshameza viwili leo asubuhi.