UZI WA MALALAMIKO: Wawindaji wa upinde Marekani, kila jimbo na msimu wake, na anayeumia ni mgeni

Wakuu, heri ya jioni. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta kwa hasira. Leo nauacha ulivyo.

Naishi Moline, Illinois, ukingoni mwa mto Mississippi. Ndugu zangu wa Kigoma na wa Kivu mliopelekwa huku mnapajua: ukisimama ukingoni unaiona Iowa ng'ambo, daraja moja tu. Nawinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde, huu ni mwaka wa nne. Bunduki sina na siitaki. Upinde hauniletei maswali ya kibali cha silaha, na nyama inalisha nyumba yangu na nyumba mbili za jirani hadi Machi.

Novemba iliyopita, Ijumaa, nilipanda kwenye dungu langu mtini kabla ya kupambazuka. Leseni ya uwindaji ninayo. Stempu ya makazi ya wanyama ninayo. Kibali cha upinde kiko mfukoni, kimelipiwa. Saa mbili asubuhi akatokea askari wa wanyamapori, akakagua karatasi moja moja, kisha akaniambia leo upinde umefungwa. Umefungwaje, na msimu ulifunguliwa Oktoba 1 na unakwenda hadi katikati ya Januari? Kumbe zile siku za bunduki, kwenye kaunti zinazowinda kwa bunduki, kibali cha upinde kinalala. Na Ijumaa ile ndiyo ilikuwa ya kwanza ya bunduki. Nikaandikiwa kosa, upinde ukachukuliwa kuwa kielelezo, nikarudi kwenye gari na podo tupu begani.

Yule askari simlaumu, alizungumza nami kwa adabu. Aliyenichoma ni muuzaji wa duka lililoniuzia kibali. Duka silitaji. Nilimuuliza kwa mdomo wangu: kuna siku yoyote hapo katikati ambayo sitakiwi kuingia msituni? Akajibu hakuna, Oktoba mpaka Januari, nenda kawinde. Nilipomrudia akaniambia mbona imo kwenye kitabu cha kanuni. Sasa kama wewe unayelipwa kuuza vibali hukisomi hicho kitabu, mimi niliyejifunza Kiingereza ukubwani nikiwa na zamu ya usiku kiwandani unanitegemea nikijue kuliko wewe?

Na kilichonipoteza zaidi ni binamu yangu aliyeko Wisconsin. Kwao siku za bunduki zikifika mwenye upinde anaendelea kuwinda, ila lazima avae rangi ya chungwa inayong'aa, au ile ya waridi waliyoiruhusu 2016. Alinieleza kwa nia njema kabisa. Mimi nikavaa chungwa, nikajiona nimetimiza sheria. Majimbo hayo yanapakana, mnyama ni yuleyule!

Hili ndilo wengi wetu hatuambiwi tunapofika: hakuna leseni ya Marekani. Wanyama ni wa jimbo, na kila jimbo lina msimu wake, bei yake, na masharti ya upinde wenyewe. Illinois wanataka upinde ambao nguvu ya kuuvuta ni ratili 30 kwenda juu, Colorado 35. Krosibou, ule upinde wenye kitako na kifyatuo kama bunduki, Illinois ni ruhusa kwa kila mtu tangu 2017, lakini Colorado msimu wa pinde hauruhusiwi kwa mtu asiye na ulemavu. New York cheti cha kawaida cha mafunzo ya uwindaji hakikutoshi, lazima usomee kozi nyingine ya upinde peke yake. Halafu njoo kwenye tarehe za kuzaliwa. Illinois wanadai cheti kwa waliozaliwa kuanzia Januari 1, 1980. Iowa kwa waliozaliwa baada ya Januari 1, 1972. Texas kuanzia Septemba 2, 1971. Colorado kuanzia Januari 1, 1949. Mtu wa 1975 hapa Moline hadaiwi, akivuka daraja anadaiwa. Nasi tulioandikiwa kuzaliwa Januari 1 kwenye kambi ya wakimbizi kwa sababu hakuna aliyejua tarehe halisi, hiyo mistari inapita juu ya vichwa vyetu.

Na usivuke daraja bila kujua bei. Rafiki yangu ana shamba ng'ambo, kulungu wanamla soya na mahindi, ananiomba niende. Siwezi. Iowa wasio wakazi wanapewa leseni 6,000 tu za kulungu wa jinsia yoyote kwa mwaka, na za upinde haziruhusiwi kuzidi asilimia 35 ya hizo. Unaomba kwa droo, unakosa, unalimbikiza pointi za kukuongezea nafasi mwaka hadi mwaka. Ukibahatika unalipa zaidi ya dola 600, wakati mkazi hata 100 haimfikii. Wapo waliowahi kushtaki mambo haya: kesi ya Montana ilifika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1978. Mkazi angeweza kupata leseni ya elki, yule kulungu mkubwa, kwa dola 9, mgeni akalazimika kununua ya dola 225. Mahakama ikasema sawa, uwindaji wa burudani si haki ambayo jimbo linalazimika kumpa mtu wa nje kwa masharti yaleyale. Lakini kodi ya asilimia 11 iliyomo kwenye bei ya upinde wangu, inayotokana na sheria ya 1937 ya kuhifadhi wanyama, inagawiwa majimbo yote, Iowa ikiwemo. Pesa yangu ni mkazi, mimi si mkazi.

Msinijie na ile ya "rudi kwenu ukawinde bure". Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwinda bila leseni ni ujangili. Sipingi misimu. Kulungu hawa walikaribia kwisha kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa kuwindwa ovyo, na misimu ilisaidia kuwarudisha. Ninachopinga ni kuuziwa karatasi bila kuambiwa siku ambazo haifanyi kazi. Siku zilizofungwa ziandikwe kwenye kibali chenyewe, kwa herufi kubwa. Nafasi ipo, nyuma ya kibali changu ni peupe.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba karibu majimbo yote yamo kwenye mkataba wa kubadilishana majina ya wakosaji. Nikifungiwa leseni hapa, Wisconsin kwa binamu nako nimefungiwa.

Mahakamani ni Alhamisi ijayo. Aliyewahi kusimama kwa kosa kama hili, hasa Illinois, aniambie: ulikwenda na wakili au peke yako? Ushahidi wa maneno ya muuzaji unasikilizwa, au nisijisumbue? Na upinde ulirudishiwa baada ya muda gani? Niandikieni hapahapa, inbox yangu imejaa.