Walimu wa ufupisho, mnawafundisha watoto kukata sentensi badala ya kusoma!

Wakuu, habari za humu. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kama kuna walimu wa Kiswahili na Kiingereza wa sekondari humu ndani, naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunirukia.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, hapahapa Mwanza. Shule naiacha bila jina kwa sababu bado anasoma pale. Juzi walipewa habari ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, agizo likiwa waifupishe kwa maneno 60. Habari nimeisoma mwenyewe, ina mambo. Inaeleza sangara alivyopandikizwa ziwani miaka ya 1950, akaja kufurika miaka ya 1980. Inataja furu, ngege na ningu kuwa miongoni mwa samaki waliopungua, baadhi kwa kuliwa na sangara, wengine kwa uvuvi uliopita kiasi. Halafu inaingia kwenye viwanda vya minofu, inaeleza minofu inavyopakiwa kwenda Ulaya na wenyeji wanavyouziwa vichwa, mifupa na mikia. Inamalizia na kuni: sangara ana mafuta mengi, ukimwanika juani hakauki vizuri kama furu, kwa hiyo watu wakahamia kwenye moshi na miti ikakatwa.

Mtoto akaandika hivi, nanukuu kutoka kwenye daftari lake:

"Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 ili kuongeza mavuno. Alipozaliana sana, samaki wa asili walipungua kwa sababu aliwala na pia watu walivua kupita kiasi. Viwanda vya minofu vilileta ajira na fedha za kigeni, lakini minofu mingi iliuzwa nje na wenyeji wakabaki na mapanki. Tena sangara ana mafuta mengi, hivyo hukaushwa kwa moshi, na miti ilikatwa kwa ajili ya kuni."

Hesabuni. Ni maneno 60 kamili. Amepata 3 kati ya 10.

Neno "mapanki", yaani hivyo vichwa, mifupa na mikia, limezungushiwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa "halimo kwenye habari". "Samaki wa asili" nalo limepigwa mstari, ati majina ya samaki ameyaacha. Chini kabisa: "Tumia maneno ya mwandishi."

Mwenzake wa dawati moja kapata 8. Daftari lake binti yangu aliliazima, nikaliona. Alichofanya ni kuchukua sentensi ya kwanza ya kila aya kama ilivyo, akazipanga, zilipozidi akakata ya mwisho katikati mpaka zikafika 60. Viwanda vimo, uvuvi uliopita kiasi haumo kabisa kwa sababu ulikuwa sentensi ya tatu ya aya. Miti inakatwa ghafla tu, msomaji hajui inahusiana vipi na samaki. Yule mtoto simlaumu hata kidogo, amefanya alichofundishwa. Nilimuuliza binti yangu sangara na kuni vinahusiana vipi, akanijibu papo hapo. Anasema alipomuuliza mwenzake swali hilohilo, mwenzake alisema hakuwa na haja ya kusoma hadi huko.

Jamani, hapo nani kasoma habari?

Nilienda shule. Mwalimu alinipokea kwa heshima, hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Lakini jibu lake lilikuwa: "Mzazi, mtihani ndivyo unavyotaka, akiweka maneno yake atapotea." Nikamwuliza mtihani gani unaosema hivyo. Agizo la mtihani ni kufupisha habari uliyosoma kwa idadi fulani ya maneno. Baraza la Mitihani huchapisha kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, uko kwenye tovuti yao na hauuzwi, na mojawapo ya kasoro zinazotajwa humo ni watahiniwa kunakili sentensi za kifungu badala ya kufupisha. Sasa shule inampa mtoto alama 8 kwa kosa ambalo wasahihishaji wanalilalamikia! Na vitabu vyetu wenyewe vya Kiswahili vinasema soma habari zaidi ya mara moja, tafuta mawazo makuu, yaunganishe kwa maneno yako. Kwa maneno YAKO. Imeandikwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, na naomba mnielewe. Mtoto wa shule ya serikali anasoma kwa Kiswahili miaka saba ya msingi. Akiingia kidato cha kwanza, Jiografia, Fizikia, Baiolojia, karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Huko kwingine hata angetaka kufupisha hawezi, maana aya yenyewe anaielewa nusu. Anachofanya ni kunakili notisi. Kiranja anapewa daftari la mwalimu, anajaza ubao, wenzake wanaandika mpaka kengele. Hiyo notisi ni ufupisho ambao mtu mwingine kaufanya zamani, pengine mwalimu wa mwalimu wake, na mtoto anaumeza kama ulivyo. Kipindi cha Kiswahili ndiyo karibu nafasi pekee ambapo mtoto anakutana na maandishi marefu ambayo anayaelewa kila neno, anaweza kuyachambua, kuyapinga, kuyapanga upya. Na nafasi hiyohiyo ndiyo mnaigeuza kuwa zoezi la kukata na kubandika. Mkiiharibu hiyo, atajifunzia wapi?

Kufupisha kuna kazi zake na zinajulikana. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Ann Brown na Jeanne Day, walichapisha utafiti wao kuhusu jinsi watu wa rika mbalimbali wanavyofupisha. Walizitaja kanuni waziwazi: ondoa yasiyo ya lazima, ondoa yaliyorudiwa, orodha ya vitu ibadilishe iwe jina moja linalovibeba vyote, chagua sentensi kuu kama ipo, na kama haipo itunge mwenyewe. Walikuta watoto wadogo wanaweza kufuta. Kutunga sentensi kuu ndiko kugumu kuliko yote, na wasiofundishwa hubaki kwenye kunakili na kufuta hata wakiwa wakubwa. Sasa rudini kwenye daftari la binti yangu. Furu, ngege na ningu kawafanya "samaki wa asili". Vichwa, mifupa na mikia kavifanya "mapanki", neno ambalo kila mtu Mwanza analijua kuanzia Kirumba hadi Igoma. Hiyo ni kanuni ya orodha, kaifanya bila kufundishwa na mtu, na ndipo hasa wino mwekundu ulipotua.

Ameniambia safari ijayo atanakili tu. Kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeshapiga hesabu zake. Nimekasirika kuliko siku niliyoona ile 3.

Najua mtakachosema. Madarasa yamejaa, tangu ada ifutwe mwaka 2016 wanafunzi ni wengi na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kusahihisha fupisho themanini, kila moja na maneno yake, ni usiku mzima, wakati ukilinganisha sentensi na kifungu unamaliza kabla ya chai. Nawaelewa. Lakini hakuna anayewalazimisha kusahihisha zote peke yenu. Andika fupisho mbili ubaoni, moja ya kunakili na moja ya kutunga, waulize watoto ipi inamfaa mtu ambaye habari hajaisoma. Wabadilishane madaftari: mmoja asome ufupisho wa mwenzake kisha ajibu maswali ya habari kwa kutumia ufupisho huo tu, kama hawezi kujibu kuna kitu kimeachwa. Wafunge kitabu kabla ya kuandika, watarudi kuhakiki baadaye. Na anzeni na maana kabla ya idadi ya maneno. Nimeona daftari zima la mada hii, kipindi cha kwanza kilikuwa namna ya kuhesabu: je, "kwa hiyo" ni neno moja au mawili. Kipindi kizima!

Wazazi wenzangu nanyi mpo kwenye hili. Mnanunua vijitabu vya maswali na majibu kwenye maduka ya fotokopi na mnafurahi mtoto akikariri. Kesho anafika chuo, anapewa sura moja ya kitabu aeleze inasema nini, anaweka kurasa nne alizonakili.

Jumatatu narudi shuleni na madaftari yote mawili, mwenzake ameshaturuhusu na mama yake kakubali. Namwomba mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wakae na idara ya Kiswahili wasome fupisho hizo mbili kwa sauti, kisha waniambie ipi inastahili 8. Alama za binti yangu sizidai. Nataka ile "tumia maneno ya mwandishi" ifutwe na watoto wa darasa lile waambiwe wazi kwamba walielekezwa vibaya, kabla hawajaingia kidato cha nne.

Walimu mliomo humu, shuleni kwenu mnasahihishaje? Wekeni mwongozo mnaoutumia. Na mwenye mtoto kidato cha tatu au cha nne, fungua daftari lake la Kiswahili leo, angalia ufupisho wake wa mwisho, uje uandike hapa ulichokikuta.